Mwaka Tulipomuuliza Mungu kwa Biskuti

Tulimzika Bibi Rahel mwezi wa tatu mwaka huu, huko Louisville, siku ya mvua nyembamba iliyolowesha viatu vya watu wote. Tuliporudi kutoka makaburini, wanawake wa kanisa walikuwa wamejaa jikoni kwa baba mdogo Tito, wengine wakimenya ndizi, wengine wakigeuza maharage, na mmoja wao, ambaye simjui hata jina, akaniuliza kama ni mimi yule mjukuu wa Buffalo anayejua kipimo cha biskuti za pepakaka. Nikasema ndimi. "Basi tuokee, dada," akasema, "marehemu alizipenda." Nikajifunga kitenge, nikatafuta unga, mdalasini, karafuu na tangawizi. Sebuleni baba mdogo alikuwa akiwasimulia wageni jinsi Mungu alivyomleta mama yake nyumbani kwake na kumweka pale hadi pumzi ya mwisho, na wageni wakaitikia amina. Nilikuwa nimeshika mwiko, na uso ukaniwaka kwa aibu. Jinsi Bibi alivyofika Louisville tulikuwa tunajua watu wawili tu, yeye na mimi, na yeye tulikuwa tumetoka kumfukia.

Sitaeleza hapa tulivyofika Marekani, wala wazazi wangu walikuwa nani. Hayo nimeyasema mara nyingi mno mbele ya watu wenye mafaili, na kila nilipoyasema yalizidi kuonekana ya mtu mwingine. Nataka kusema juu ya mwaka mmoja tu, 2015 hadi mwanzo wa 2016, nilipokuwa na miaka kumi na tisa, nikiishi na Bibi, sisi wawili, katika nyumba ya chini pale Black Rock, Buffalo. Jikoni palikuwa na meza ya plastiki, viti viwili visivyofanana, na dirisha lililotazama ukuta wa jirani. Kila siku saa saba mchana nilikwenda kiwandani, tulikokuwa tukifungasha vifuniko vya chupa, nikamwachia Bibi ugali uliofunikwa kwa sahani na simu iliyojaa chaji. Nikirudi alikuwa ameshalala. Niliamini kabisa kwamba Bibi hawezi kuishi bila mimi. Mimi ndiye niliyemkata kucha, mimi niliyemsomea barua za ofisini, mimi niliyemfunga mtandio kabla ya kutoka. Leo nasema waziwazi kwamba asiyeweza kuishi bila mwenzake nilikuwa mimi. Sikuwahi kulala katika nyumba isiyokuwa na kikohozi chake, na niliogopa siku ya kufungua mlango na kukuta kimya.

Sasa pepakaka. Bibi alipokuwa msichana kule Burundi, alifanya kazi jikoni kwa wamisionari wa Kiswidi. Kila Noeli mama wa nyumba, ambaye Bibi alimwita Madamu hadi kufa kwake, alioka biskuti nyembamba za kahawia zenye viungo, na jina lake la Kiswidi likageuka pepakaka katika midomo yetu. Unachemsha siagi na asali ya miwa, unatia tangawizi, mdalasini, karafuu, iliki na kijiko cha magadi, unakanda, kisha donge linalala usiku mzima penye baridi. Madamu alimfundisha pia desturi ya kwao. Unaiweka biskuti kwenye kiganja, unaomba moyoni bila kusema neno, halafu unaibonyeza katikati kwa kidole. Ikivunjika vipande vitatu, ombi lako limepokewa. Kwa Waswidi huu ni mchezo wa watoto. Hilo nililijua baadaye sana, niliposoma kwenye simu nikiwa ndani ya basi, nikapitiliza kituo changu kwa mshangao. Lakini Bibi alikuwa amebatizwa majuma machache kabla, na alipoona vipande vitatu hakuona mchezo wowote. Aliona Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Madamu hakumrekebisha, au Kirundi chake hakikutosha kumrekebisha. Basi Bibi akaondoka na imani hiyo, akavuka nayo mpaka, na kambini Tanzania akaoka pepakaka ndani ya sufuria yenye makaa chini na makaa juu ya kifuniko. Kila Noeli familia ilileta mbele yake neno moja zito. Mtoto mkubwa wa kiume alilitamka kwa sauti, Bibi akavunja, na hakuna aliyeruhusiwa kupumua vibaya hadi ivunjike. Baba mdogo Tito alimwoa mke wake Mkongo kwa pepakaka. Shamba la kukodi liliachwa kwa pepakaka. Mimi nilikulia humo, nikaona ni kawaida kama kunawa mikono.

Mwezi wa tisa nilipigiwa simu kazini. Alikuwa mwenye duka mmoja wa Grant Street, Msomali tuliyezoea kununua viungo kwake. Akasema bibi yangu yuko dukani, amekuja kwa miguu, amevaa kandambili na mvua inanyesha. Niliomba ruhusa, nikapanda mabasi mawili. Nikamkuta amekaa juu ya gunia la mchele, anakunywa chai, anacheka na mwanamke wa Kikongo aliyekuja kutuma pesa kwao. "Huyu mama huja karibu kila siku," yule mwenye duka akaniambia kwa Kiswahili chake cha Mombasa. "Anakaa, anasikiliza watu wakiongea, kisha anaondoka. Leo nimeogopa kwa sababu ya mvua." Nilimshukuru, nikampeleka Bibi nyumbani, nikamgombeza kama mtoto. Aliniacha nigombeze. Hata mara moja sikujiuliza mtu anatafuta nini anapotembea nusu saa kwenda kusikiliza watu wasiomjua.

Habari haikai. Kabla wiki haijaisha, baba mdogo Tito alikuwa ameipata huko Louisville, na baba mkubwa Zakaria ameipata Reynoldsburg, pale Columbus, na Jumapili tukawa sote kwenye simu moja, yangu ikiwa mezani katikati ya Bibi na mimi. Baba mdogo alikuwa amefanya kazi miaka mingi na Wakongo kwenye ghala la vifurushi, na mke wake ni wa milima ya Kivu, kwa hiyo Kiswahili chetu cha kambini kilikuwa kimemtoka zamani; kaka yake alimtania kwamba amebadilisha uraia mara mbili.

"Donc mama anatembea na kandambili mu barabara, na weye Odeta uko kazini," akasema. "Bon. Mi nakuya kumutwala huku Louisville. Huku iko dada yake, iko bibi yako Mariya, bataongea Kirundi asubuhi mpaka magaribi."

"Bibi ana kwake," nikasema.

"Kwake ni wapi? Ku dirisha, kuangalia ukuta?"

"Mheshimu mtoto," baba mkubwa akaingilia. Yeye ni mzee wa kanisa, anazungumza polepole hata akikasirika. "Mama mwenyewe anasemaje?"

Bibi aliinamia simu kana kwamba mwanawe yumo ndani yake. "Atakavyo Mungu," akasema. "Tutamuuliza Noeli."

Baba mkubwa akahema. Tangu awe mzee wa kanisa alikuwa haipendi desturi ile. "Mama, watu wa Columbus wakisikia watasema tunapiga ramli."

"Ramli ni ya mchanga," Bibi akamjibu. "Hii ni unga na siagi."

Ikakubaliwa kwamba tutakutana Reynoldsburg, katikati ya njia yetu na yao. Kuanzia siku ile hadi Noeli sikuwa na raha. Kazini nilihesabu vifuniko nikasahau nilipofika. Nilimpikia Bibi vitu alivyovipenda, dagaa, isombe ya majani ya muhogo, maharage yenye mawese, kama mtu anayemhonga hakimu. Naye alikula, akashukuru, akaenda kukaa dirishani. Nilimwuliza kama anasikia baridi. Nilimwuliza kama anataka sukari. Nilimwuliza kila kitu isipokuwa kile kimoja, kwa sababu niliogopa jibu.

Theluji ilichelewa sana mwaka ule. Donge la pepakaka tulilikanda usiku wa kuamkia safari, na kibaraza cha nyuma hakikuwa na baridi ya kutosha, kwa hiyo nikalitia ndani ya ndoo ndogo ya plastiki, nikalilaza kwenye friji, asubuhi nikalizungushia kitenge na kulipakata njia nzima ndani ya basi, toka Buffalo hadi Columbus. Bibi alilala begani kwangu. Donge lilinipa baridi mapajani, na karafuu ilinukia hadi mzungu wa kiti cha mbele akageuka kuangalia. Hapo ndipo wazo liliponijia. Ni mimi nitakayesukuma. Ni mimi nitakayekata. Macho ya Bibi yalikuwa na ukungu wa uzee, na mwaka ule kwa mara ya kwanza alikuwa amesema nioke peke yangu.

Jikoni kwa baba mkubwa palikuwa padogo, na mama mkubwa, mke wake, alikuwa anakaanga sambusa kwenye jiko lilelile ambalo mimi nilihitaji oveni yake. Tulipishana kwa makalio. Sebuleni wanaume walikuwa wanabishana, na ukuta ulikuwa mwembamba. Nilisukuma donge, nikakata biskuti sita za duara kwa mdomo wa glasi, hizo ndizo za trei ya kwanza, ambamo Bibi huchukua yake siku zote. Mama mkubwa alipoinama kutafuta mafuta kabatini, nikazigeuza, na kwa ncha ya kisu nikachora chini ya kila moja mistari mitatu inayokutana katikati, ili ivunjike vitatu, maana nilidhani tutaomba abaki. Nilichora kwa kina, nusu ya unene. Moja ikachanika, nikaikanda tena na kuichora upya. Nikazigeuza uso juu, nikazipaka maji kidogo, nikatia trei ndani ya oveni. Mama mkubwa aliinuka, akaniangalia. "Mbona unatokwa jasho hivyo, mama?" Nikamwambia ni joto la jiko.

Ndipo nikasikia sauti ya baba mdogo kule sebuleni. "Non, non. Mwaka huu tunasema hivi. Ikivunjika tatu, mama anakuya Louisville. Ikivunjika mbili, anabaki kwa Odeta."

Nilisimama na kitambaa cha oveni mkononi. Trei ilikuwa imeshaingia, harufu imeshaanza kujaa, na biskuti sita zilizokatwa kwa mkono wangu zilikuwa zinaelekea kumpeleka Bibi kulekule nilikomzuia asiende. Nilitaka kuifungua oveni na kumwaga kila kitu sakafuni, niseme nimeteleza. Baba mkubwa ndiye aliyemjibu. "Hapana, Tito," akasema. "Tunauliza juu ya pale mama alipo. Vitatu, anabaki Buffalo. Viwili, unamchukua. Mimi ndiye mkubwa, nimesema." Baba mdogo alinung'unika kwa Kirundi, akakubali. Nikaegemea friji. Niliona haya ni majibu ya maombi yangu, Mungu anisamehe.

Tulikaa duara sebuleni, jua la alasiri likipita kwenye mapazia. Nilimpelekea Bibi sahani. Akapapasa, akachukua ya kwanza, akaiweka kwenye kiganja cha kushoto. Baba mkubwa aliinamisha kichwa, akasema, "Bwana, kama mama abaki Buffalo, tuonyeshe vitatu." Bibi alifumba macho. Midomo yake haikusogea, kama Madamu alivyomfundisha. Alikaa hivyo muda mrefu, hadi mtoto mmoja akaanza kuuliza kwa Kiingereza kwa nini hakuna anayeongea, mama mkubwa akamziba mdomo. Kisha Bibi akabonyeza. Sauti ilikuwa ndogo sana. Alifumbua macho, akavisogeza vile vipande kwa kidole, kimoja, viwili, vitatu, akavitazama. Vilikuwa sawasawa, kama vipande vya chungwa. "Amina," akasema. Wote wakasema amina. Baba mdogo akatoka nje kupunga hewa.

Sahani ilikuwa bado na tano. Watoto wakanyoosha mikono, na hapo nikaona balaa nililojiletea, kwa sababu kila aliyevunja yake angepata vitatu vilevile sawasawa. "Hizi zimeungua chini," nikasema, nikainyakua sahani. Nilijifungia chooni nikazila zote tano nikiwa nimesimama, kavu, zikinikwaruza koo, huku maji ya bomba nimeyafungulia. Mama mkubwa alibisha hodi akiuliza kama ninaumwa tumbo. Nikasema ndiyo, na safari hii sikudanganya.

Tukarudi Buffalo. Nilikuwa nimeshinda, na sikujua la kufanya na ushindi wangu. Bibi alifungua sanduku lililokuwa chini ya kitanda chake, na hapo ndipo nilipojua kwamba lilikuwa limefungwa tayari, nguo zote, Biblia, hata kikombe chake. Alizipanga tena kabatini moja moja. Akaacha kwenda Grant Street. Mwezi wa pili baba mdogo alipiga simu kusema kwamba bibi Mariya amepata kiharusi, mkono wa kulia hausogei na maneno hayatoki. Akamwekea Mariya simu sikioni ili Bibi amsalimie dada yake. Bibi alisema jina lake, akasikiliza, akasema tena. Kutoka upande wa pili zilikuja pumzi tu. Nikamwambia twende tukamwone, nitaomba siku mbili kazini. Akatikisa kichwa. "Mungu alishasema nibaki. Yona naye alijichagulia mji wake." Baada ya hapo akawa hamalizi chakula. Aliomba asubuhi kama zamani, lakini kwa maneno machache, kama mtu anayezungumza na mkubwa aliyemkasirikia bila kumwambia kosa.

Nilivumilia hadi mwisho wa mwezi wa tatu. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, sina shifti, theluji inayeyuka na kudondoka kutoka kwenye paa. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo mezani. Nilikaa kiti cha pili. Nilikuwa nimepanga maneno mengi ya kuanzia, na yote yakanitoka.

"Bibi," nikasema, "ile pepakaka niliikata kwa kisu."

Vidole vyake viliendelea na maharage. Nikamweleza yote, kisu, mistari, upande wa chini.

"Hiyo moja?" akauliza.

"Zote sita."

"Na zile nyingine ulizipeleka wapi?"

"Nilizila. Chooni."

Akaokota jiwe dogo kwenye ungo, akaliweka pembeni. Nilingoja anipige. Hakuwahi kunipiga maishani, lakini siku ile nililitamani kofi lake.

"Mimi nilikuwa nimeomba ivunjike viwili," akasema.

Kwa muda sikuelewa. Nilifikiri amekosea hesabu, kwa sababu ya uzee. Kisha nikaelewa. "Ulitaka kwenda Louisville? Siku zote zile? Mbona hukusema, Bibi?"

"Uliniuliza?"

Nililia. Sikuona haya kulia, nililia kwa sauti, nikasema nilimpenda, nikasema niliogopa nyumba tupu, nikasema nimemnyima dada yake akiwa bado na maneno mdomoni na hilo halirudi. Yeye hakunifariji. Alikuwa ameacha maharage, amenyoosha mikono yake miwili juu ya meza, anaitazama. Halafu akasema, taratibu, akijisemea mwenyewe, "Kumbe si Mungu aliyenikatalia." Akarudia mara ya pili. Machozi yakamtoka, na uso wake wote ukafunguka. Tangu Noeli sikuwa nimeuona uso ule. Nilikaa pale nikajua kwamba miezi mitatu mizima mwanamke huyu alikuwa anaishi akidhani Mungu wake amemsikia vizuri na kusema hapana, na kwamba aliyesema hapana nilikuwa mimi, msichana wa miaka kumi na tisa mwenye kisu cha kukatia nyanya.

"Mpigie Tito," akasema.

Nilipiga. Mikono ilikuwa imelowa, nikakosea mara mbili. Baba mdogo alipokea akiwa kazini, nyuma yake mashine zinanguruma, akauliza kuna nini, mama anaumwa? Nikafungua mdomo nimweleze juu ya kisu, kwa sababu niliona ni haki yao wote kujua. Bibi akaichukua simu mkononi mwangu.

"Tito," akasema, "njoo unichukue."

Nilisikia baba mdogo akiuliza, vipi tena, na ile pepakaka? Na Mungu?

"Wacha Mungu kwanza," Bibi akasema. "Ni mimi. Mimi ndiye ninayetaka."